Baada ya Asha, Nani Atamwagilia?

Kila nikitazama Pumzi narudi kwa swali moja ambalo filamu yenyewe haijibu: Asha akishakufa pale jangwani, ule mti atamwagilia nani?

Kwa ambaye hajaiona, Pumzi ni filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, dakika ishirini na kitu hivi. Ni Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, na vita hivyo vilikuwa vya maji. Nje, watu wanaambiwa, hakuna kilicho hai. Wamejifungia ndani ya jumuiya inayoitwa Maitu. Humo hata jasho na mkojo havipotei, vinachujwa na kunywewa tena. Stima inatoka kwa watu wanaofanya mazoezi kwenye mashine. Ukiota ndoto, unaamriwa umeze dawa ya kuizima.

Asha anafanya kazi kwenye jumba la makumbusho. Siku moja anapata kisanduku cha udongo ambacho mtumaji wake hajulikani. Anaupima udongo: una unyevu, hauna mionzi. Anapanda mbegu humo, inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka nje, Baraza linakataa. Anatoroka, anavuka jangwa, anapanda mche, anaumwagia maji yake ya mwisho, kisha anajilaza kando yake autilie kivuli. Anafia hapo, na mti unakua.

Ndiyo, nimekwambia mwisho. Filamu ni ya 2009, umekuwa na muda.

Wengi huikumbuka kwa picha hiyo ya mwisho, na ni picha nzuri kweli. Lakini nguvu ya Pumzi iko katikati, kabla Asha hajatoka.

Tumezoea kuuliza kama binadamu atatoweka au hatatoweka, kana kwamba kuna filimbi itapigwa na mechi iishe. Katika Pumzi maafa yalishapita na watu bado wapo. Kahiu anauliza jambo gumu zaidi: mkibaki, mtabaki mkiishi vipi? Jibu lake linatisha bila kupiga kelele. Mtabaki na maji ya mgao na ruhusa ya kuomba hata ya kutoka mlangoni. Na hata katika jumuiya inayojisifu kwa kuhesabu kila tone, bado kuna mwanamke wa kuosha choo. Asha anamgawia maji yake kidogo. Baadaye ni mwanamke huyo anayemsaidia kutoroka. Hapo ndipo naisikia filamu ikipumua.

Ukiwa Nairobi hiyo si bunilizi ya kisayansi. Mgao wa maji tunaujua, na bei ya mtungi wa lita 20 tunaijua mifereji ikikauka. Mafuriko ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Mathare na Mukuru maji yaliingia hadi kitandani, na yalipopungua, tingatinga zikaja kubomoa nyumba zilizokuwa karibu na mto. Mitaa mingine ya jiji hilohilo, mvua hiyohiyo ilileta jam tu. Wanasayansi wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa hawatabiri kwamba binadamu wote watakwisha. Wanachosema ni kwamba kila sehemu ya digrii inayoongezeka ina madhara yake, na wanaoumia zaidi ni wale waliochangia kidogo zaidi.

Na kutoweka kwenyewe tumeshakuona hapa nyumbani. Sudan, kifaru mweupe wa kaskazini wa mwisho wa kiume, alikufa Ol Pejeta, Laikipia, Machi 2018. Wakabaki majike wawili, Najin na Fatu. Hakukuwa na kishindo. Sudan aliishi miaka yake ya mwisho akilindwa usiku na mchana na askari wenye bunduki, watalii wakija kumpiga picha. Alikuwa hai, alikuwa salama, na nususpishi yake ilikuwa inakwisha. Kama kuna mnyama ambaye angeielewa Maitu, ni yeye.

Sasa ule mwisho. Maitu kwa Kikuyu ni mama, na filamu yenyewe inatufafanulia neno hilo mapema kabisa. Kwa hiyo tunapofika jangwani tunajua tunachotazama: mama anatoa mwili wake ili kitu kiishi. Hadithi hiyo tumeisikia sana, na karibu kila mara anayeombwa kufa ni mwanamke.

Kinachonishangaza ni kwamba Kahiu aliijua hadithi nyingine. Ndiye aliyetengeneza For Our Land, filamu kuhusu Wangari Maathai. Green Belt ilipoanza 1977 haikumtaka mtu afe. Ilitaka wanawake wa kijiji wakae pamoja, waanzishe vitalu, na walipwe hela kidogo kwa kila mche ulioshika. Ulioshika, si uliopandwa tu. Siasa yote ya Wangari naiona katika hesabu hiyo. Alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park mwaka 1989 alitukanwa hadi bungeni. Karura, 1999, alipigwa akiwa na wenzake. Alirudi, nao wakarudi, na leo bustani ipo na msitu upo.

Linganisha na tarehe 13 Novemba 2023, tulipopewa likizo nchi nzima tukapande miti. Lengo ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Miezi michache kabla ya likizo hiyo, serikali hiyohiyo ilikuwa imetangaza kuondoa marufuku ya ukataji miti iliyowekwa 2018. Siku ya likizo simu zilijaa picha za vigogo na miche. Januari, jua likiwaka, nani alirudi na ndoo? Huo ni mwisho wa Pumzi uliogeuzwa kuwa sera: panda, piga picha, ondoka. Tofauti ni kwamba Asha angalau hakuondoka.

Utaniambia ni ishara tu, nisiipime kwa ndoo. Sawa. Lakini ishara hutufundisha tutarajie nini. Sisi wa miaka ya ishirini tunaambiwa kwa pumzi moja kwamba dunia inaisha na kwamba sisi ndio tumaini lake. Ya kwanza inakufanya ukate tamaa, ya pili inakutaka uwe shahidi. Mimi niliacha chuo, naandika kwa malipo ya maneno, na kodi inaningoja tarehe tano. Sina mwili wa kuwapa jangwa. Nina Jumamosi, pengine, na majirani.

Kwa hiyo kama unaniuliza tutaokoka au la, naona Pumzi ilikuwa imelikaribia jibu, kisha ikamfuata Asha nje ya mlango. Itafute, uitazame. Maandishi ya mwisho yakipita, wafikirie waliobaki kwenye zile mashine, wakizalisha stima kwa ajili ya Baraza. Mlango umefunguka mara moja, na kuna mtu aliyesaidia kuufungua. Filamu ninayoitaka ni ya asubuhi inayofuata: nani amewaambia, na wangapi wameshuka kwenye mashine.