Jina la Kanga na Jina la Ukoo: Uhakiki wa Kanga za Kawira Mwirichia kwa Kuzingatia Nyumba Ntobhu za Tarime na Serengeti

Kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Pindo huzunguka, mji hukaa katikati, na jina ndilo husema. Mpangilio huo, uliokomaa katika pwani ya Afrika Mashariki kati ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ndio uliochaguliwa na msanii wa Kenya, Kawira Mwirichia, aliyefariki mwaka 2020, kwa ajili ya mfululizo wake uitwao To Revolutionary Type Love. Mfululizo huo ulioneshwa katika Goethe-Institut jijini Nairobi mwaka 2017. Kanga zake zilihusishwa na nchi mbalimbali na kubeba picha na maneno ya kuadhimisha mapenzi ya watu wa jinsi moja. Uhakiki huu unazichambua kanga hizo sambamba na nyumba ntobhu, yaani ndoa ya mwanamke kwa mwanamke miongoni mwa Wakurya wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Hoja inayotetewa ni kwamba ulinganisho huo una manufaa pale tu mhakiki anapouliza ni jina la nani linalobebwa, na ni nani anayelibeba.

Msingi wa kazi ya Mwirichia ni tendo la arusini: kutandika kanga chini ili bibi arusi apite juu yake. Tendo hilo ni tamko la hadhara, kwa kuwa anayetandikiwa amekwisha kukubaliwa na jamaa. Msanii hakubuni vazi jipya wala ibada mpya. Alibadilisha mtu anayetandikiwa. Kwa upande mwingine, kanga ni chombo cha mafumbo. Mwanamke huivaa, jirani huisoma, na akiulizwa anaweza kukana kwamba hakumlenga mtu. Kanga za Mwirichia zinaondoa nafasi hiyo ya kukana, kwa sababu picha na jina vinasema jambo moja waziwazi. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kazi hii, na hapo pia ndipo ilipo gharama yake: kilichopatikana katika uwazi kimepungua katika fumbo.

Ni rahisi kwa mhakiki anayetafuta mizizi ya kazi hiyo katika jamii za Afrika Mashariki kuinyoshea kidole nyumba ntobhu. Katika desturi hiyo, mwanamke mtu mzima, mara nyingi mjane au asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke kijana. Kijana huyo huzaa na mwanamume, lakini watoto huhesabiwa kuwa wa nyumba ya mwanamke aliyetoa mahari. Kwa njia hiyo mji haufungwi, na mali haihamii kwa ndugu wa marehemu mume.

Hata hivyo, kuichukua desturi hii kama ushahidi wa mapenzi ya jinsi moja ni kuisoma kwa haraka. Uhusiano wa wanawake hao kwa kawaida hauelezwi kuwa wa kimapenzi. Mara nyingi kijana huhesabiwa kuwa mkamwana, yaani mke wa mwana ambaye hakuzaliwa, na hivyo mwanamume asiyekuwepo bado ndiye nguzo ya hesabu ya ukoo. Oboler, katika makala yake ya mwaka 1980 kuhusu Wanandi wa Kenya, na Amadiume, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu Waigbo wa Nnobi, walikwisha kuonesha kwamba nafasi ya mume yaweza kushikwa na mwanamke bila tendo la ndoa kuhusika. Kwa hiyo kazi hizi mbili zinakwenda pande tofauti. Mwirichia analitaja penzi na kuliacha suala la ukoo. Nyumba ntobhu inaulinda ukoo na kulinyamazia penzi.

Tofauti hiyo haiufuti ulinganisho, bali inaupa swali lake. Katika arusi, anayetandikiwa kanga ndiye anayesherehekewa. Katika nyumba ntobhu, mwenye kusherehekewa ni nyumba iliyopata mrithi, ilhali kijana aliyeozwa anaweza kuwa hakuulizwa lolote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 9, inaifasili ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Muungano wa wanawake wawili hauingii humo, na kijana huyo akifukuzwa hawezi kudai haki za mke kwa mujibu wa sheria hiyo. Desturi inayompa mjane mamlaka ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumwacha kijana bila kinga. Uhakiki unaoisifu nyumba ntobhu kwa uhuru wa wanawake humsikia mmoja tu kati ya wawili.

Suala la umbali nalo lina uzito. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, alishinda Tuzo ya Turner mwaka huohuo wa 2017. Katika baadhi ya kazi zake anafuata muundo wa kanga kwa rangi, akiweka pindo, mji na maneno. Kwake kanga ni lugha ya nyumbani iliyorithiwa mbali na nyumbani, na sauti inayosema ni ya msanii mwenyewe. Mwirichia naye alisema akiwa miongoni mwa wale aliowaadhimisha. Wanawake wa Tarime na Serengeti wanapoingizwa katika mjadala huu, kwa kawaida huingizwa na wengine, kama mfano wa kukamilisha hoja.

Kwa hiyo kanga za Mwirichia hazihitaji nyumba ntobhu ili zihalalike. Uhalali wake uko katika desturi ya kutandika, ambayo hadhira yake iliifahamu. Nyumba ntobhu nayo haihitaji kupewa maana ya kimapenzi ili istahili kuchunguzwa. Kinachoziunganisha ni uwezo wa wanawake kuchukua umbo lililokuwepo na kukaa mahali ambapo halikuwatarajia. Kinachozitenganisha ni jina: katika kanga limechaguliwa na anayesema, na katika nyumba ntobhu mkamwana hulikuta limekwisha kuandikwa.