Koltani ya Masisi: Kutoka Maabara hadi Chekecheo

Mwaka 2007, jarida la Journal of Radiological Protection lilichapisha kazi ya A. O. Mustapha, P. Mbuzukongira na M. J. Mangala kuhusu mionzi inayowapata wachimbaji wadogo wa koltani mashariki mwa Kongo, Masisi ikiwa ndiyo kitovu. Chuo Kikuu cha Nairobi, chenye Taasisi ya Sayansi ya Nyuklia, kilikuwa na mkono katika kazi hiyo. Tangu wakati huo yameandikwa mengi kuhusu koltani ya Masisi: nani anaishika, nani anaitoza kodi, inavuka mpaka upi. Kuhusu kinachoingia katika mapafu ya anayeiponda, maandishi ni haba. Ndiyo maana naona kazi hii ya kurasa chache inastahili kusomwa upya, hasa na walimu wa vyuo vya Goma na Bukavu wanaotaka kupeleka mafunzo ya usalama kazini migodini.

Tantali na niobi, metali zinazotafutwa ndani ya koltani, hazina mionzi ya kutia hofu. Shida ni wageni wanaoishi ndani ya fuwele zake: urani na thori. Ili kujua ni kiasi gani kimo, sampuli husagwa, hukaushwa, hufungwa katika chombo kisichovuja hewa, kisha huachwa kwa takriban wiki 4. Kusubiri huko kuna sababu. Radiumu iliyomo, inayotokana na kuoza kwa urani, huzaa gesi ya radoni, na gesi hutoroka sampuli ikisagwa. Nusu ya radoni huoza kila baada ya siku 3.8, kwa hiyo baada ya majuma hayo ndani ya chombo kilichofungwa, kinachozaliwa na kinachooza huwa sawasawa. Hapo ndipo mionzi ya gama ya bismuthi-214, inayosomeka kwenye nishati ya keV 609, husema kweli kuhusu radiumu. Thori husomwa kwa njia hiyohiyo kupitia aktini-228, kwenye keV 911. Kinachosoma ni kigunduzi cha jemaniumu safi, kinachopoozwa kwa nitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Mpaka hapo tuna idadi ya bekereli katika kila kilo ya jiwe. Hiyo ni nusu ya kazi tu. Jiwe lililolala ndani ya gunia na jiwe hilohilo likitwangwa mbele ya uso wa mtu ni mambo mawili tofauti kabisa, ingawa bekereli ni zilezile. Ili bekereli ziwe milisiveti, yaani kipimo cha madhara mwilini, lazima mtu ajue kazi inavyofanyika: nani anaponda, kwa saa ngapi, vumbi lina uzito gani hewani, anavuta pumzi kwa kasi gani. Maswali hayo hayajibiwi na kigunduzi. Hujibiwa na anayekaa kando ya wachimbaji akatazama mikono yao. Kwangu mimi, hapa ndipo penye thamani ya kazi ile: fizikia ililazimika kushuka hadi kwenye hatua moja moja za kazi.

Matokeo yakaja na jambo ambalo mtu asingelitarajia kwenye jarida la mionzi. Mchimbaji anayeshughulikia madini yenye urani nyingi, kwa njia mbaya kabisa, alikadiriwa kupata hadi takriban milisiveti 18 kwa mwaka, na mlango mkuu haukuwa mionzi inayotoka kwenye mzigo alioubeba. Ulikuwa vumbi la kuponda na kuchekecha, linaloingia puani na kubaki kifuani. Kwa lugha ya mafunzo, maana yake ni kwamba mchimbaji hahitaji kufundishwa atomu ili ajikinge. Anahitaji kubadilisha namna anavyoponda.

Nikomee kidogo kwenye hiyo 18, maana inaweza kutumiwa vibaya. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Kwa raia wa kawaida ni 1. Afisa mvivu anaweza kusema kwamba 18 ni chini ya 20, basi mambo ni shwari. Lakini ile 20 imewekwa kwa mtu anayevaa kipimo kifuani, aliyefunzwa, anayepimwa afya yake na ambaye jina lake limo katika daftari. Mponda koltani wa Rubaya, huko Masisi, hana hata kimoja kati ya hivyo. Yeye ni raia wa kawaida aliye kazini, na kipimo cha haki kwake ni kile cha raia. Kina mama wanaotwanga na kuchekecha nyumbani, watoto wakiwa karibu, ndio hasa.

Kuna jambo jingine linalouma. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomu kuhusu usafirishaji zinataka madini ya asili yenye zaidi ya bekereli 10 za urani na thori kwa gramu yashughulikiwe kama mzigo wa mionzi, daraja la 7. Koltani mara nyingi huvuka kiwango hicho. Kwa hiyo gunia hupimwa kabla ya kupanda meli, ili mabaharia wawe salama. Basi kifaa cha kupimia kipo katika mnyororo wa biashara hii. Kimewekwa mwisho wake tu. Chuo kinachotaka kuanza mahali kingeanza kwa kuomba vipimo hivyo vya mizigo na kuvirudisha hadi kwenye kilima kila mzigo ulikotoka, maana urani si sawa kila shimo.

Tukihama kutoka Masisi kwenda Walikale, hatari inabadilika sura, na mtaala mmoja hautoshi. Vilima vya Rubaya ni pegmatiti iliyooza: feldispa imegeuka kaolini nyeupe, laini, inayochimbika kwa koleo na sururu. Ulaini huo ndio unaowalisha watu na ndio unaowafukia, kwa sababu mteremko uliokatwa wima ukilowa mvua hauna cha kuushika. Sheria ya Kongo inamkataza mchimbaji mdogo kupita kina cha mita 30, lakini mtu anaweza kufa chini ya ukuta wa mita 5. Bisie, wilayani Walikale, ni mwamba mgumu wa kasiterite, yaani madini ya bati, ndani ya msitu. Tangu madini yalipogunduliwa huko mwaka 2002, wachimbaji walichimba njia za chini kwa chini, na wapagazi wakabeba magunia ya kilo 50 kwa mguu hadi Njingala barabarani, mwendo wa zaidi ya kilomita 40. Leo kampuni ya Alphamin inachimba hapo kwa mitambo. Ilisimamisha kazi Machi 2025 waasi wa M23 walipoukaribia na kuuingia mji wa Walikale, ikarudi mwezi uliofuata. Kwa mchimbaji mdogo wa mwamba mgumu, adui ni silika, hewa nzito, na moshi wa pampu ya maji iliyowashwa ndani ya shimo. Silika si ya kuchezea. Utafiti uliofanywa katika migodi midogo ya dhahabu Tanzania na kuchapishwa 2015 ulikuta wastani wa miligramu 16.85 za silika katika mita moja ya ujazo ya hewa wakati wa kutoboa chini ya ardhi, mara 337 ya kiwango kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini. Na mwenye silika mapafuni hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Sasa, mafunzo yenyewe. Mazoea ni kukusanya wachimbaji chini ya turubai, kuwaonyesha kofia ngumu na barakoa, kupiga picha, na kuondoka. Sipendi njia hiyo, na sababu si ukali tu. Katika utaratibu wa kukinga hatari kazini, kifaa cha kuvaa huja mwisho kabisa. Kwanza ondoa hatari, kisha badili njia ya kazi, ndipo uvike mtu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii zile chembe ndogo zinazofika ndani ya mapafu. Maji yanaweza: jiwe likilowa kabla ya kupondwa, sehemu kubwa ya vumbi haipai.

Rubaya maji yapo, kwa kuwa koltani huoshwa. Ugumu uko mbele kidogo, na hapo ndipo daktari akienda peke yake atakwama. Mnunuzi hulipa kwa kilo na kwa asilimia ya tantali, kwa hiyo mzigo lazima ukaushwe, uchekechwe tena na upitishwe sumaku ili punje nyeusi za chuma zitoke. Kazi hiyo hufanyika kavu, mara nyingi ndani ya ghala la mnunuzi, mtu amechutama juu ya beseni, chekecheo likitikiswa usawa wa kifua. Huwezi kumwambia alowanishe. Utakuwa umemwambia apoteze bei. Anayefahamu hewa atasema: toka nje, chekecha upepo ukiwa unatoka mgongoni, sogeza beseni mbali na uso. Mtaalamu wa uchumi atauliza kama mnunuzi anaweza kupokea mzigo wenye unyevu na kukata uzito wa maji kwa kipimo kinachokubalika na pande zote. Mwanajiolojia atasema ni shimo lipi lina urani nyingi. Ndiyo maana ya kufunza kwa fani mbalimbali: watu wanne wanatazama beseni moja kwa wakati mmoja.

Tena yupo bosi wa shimo, anayeitwa PDG pande zile. Yeye ndiye anayegharimia chakula, zana na mbao za kuzuia udongo, na yeye ndiye anayeamua kazi isimame mvua ikinyesha au iendelee. Kumfunza mchimbaji bila PDG ni kumpa maarifa asiyoweza kuyatumia. Mfano mzuri ninaoujua unatoka mbali, delta ya Mekong nchini Vietnam, ambako katika miaka ya 1990 wataalamu wa afya ya kazi wa Can Tho walijenga pamoja na Wajapani njia iitwayo WIND. Wakulima walipitia mashamba ya wenzao na orodha yenye picha, wakatafuta maboresho ambayo mwenzao ameshayafanya kwa gharama ndogo, kisha kila mmoja akachagua lake. Kilimani pia wapo PDG wanaokata mteremko kwa ngazi, na wanaofunga mbao vizuri. Picha za mashimo yao zingeshawishi kuliko bango lolote kutoka mjini.

Uchunguzi wa ajali uliofanywa Katanga na kuchapishwa 2013 ungesaidia kupanga uzito wa masomo. Kati ya wachimbaji wadogo 180, takriban 7 kati ya 10 walikuwa wameumia katika mwaka mmoja, na karibu nusu ya ajali zilitokana na kushika zana, zikifuatiwa na kubeba mizigo mizito. Maporomoko ndiyo yanayotangazwa, na yanaua kweli, lakini mpini uliolegea unaumiza kila siku.

Rubaya imo mikononi mwa M23 tangu 2024, na wakaguzi wa serikali hawana njia ya kufika kama zamani. Hata mfumo wa zamani wa kuweka migodi rangi ya kijani, njano au nyekundu ulitazama zaidi silaha, watoto na wajawazito; hewa ya ghala haikuwa swali lake kuu. Kazi inayowezekana kwa chuo kwa sasa ni ndogo na inajulikana: pima vumbi katika ghala chache za wanunuzi kabla ya kubadili chochote, hamisha chekecheo nje kwa makubaliano na wenye ghala, kisha rudi kiangazi kinachofuata na kifaa kilekile, kwa watu walewale, upime tena.