Walimu Wawili, Muungano Mmoja

Waingereza walipokuwa wakivutana juu ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, baina ya mwaka 2016 na 2020, watu wengi wa barazani kwetu Kizimkazi waliifuata kesi ile redioni kama wanavyofuata ligi ya mpira ya hukohuko. Waziri Mkuu David Cameron aliahidi kura ya maoni mwezi Januari 2013, na kila aliyeijua siasa ya kule alifahamu kwamba haja yake kubwa ilikuwa ni kukituliza chama chake mwenyewe cha Conservative, ambacho kilikuwa na ugomvi wa miaka mingi juu ya Ulaya. Kura ikapigwa tarehe 23 Juni 2016. Asilimia 51.9 wakasema nchi itoke. Chama hakikutulia. Cameron akajiuzulu. Aliyemfuata, Theresa May, akaupeleka mkataba wake Bungeni Januari 2019, ukakataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202, na zaidi ya mia moja kati ya waliomkatalia walikuwa watu wa chama chake. Septemba mwaka huohuo Boris Johnson akawatoa wabunge 21 katika kundi la chama Bungeni kwa mkupuo mmoja, na miongoni mwao alikuwamo mjukuu wa Winston Churchill.

Barazani watu walicheka. Hawa ndio waliokuja kutufundisha bunge, walisema. Kicheko hicho sikukipenda sana, maana na sisi tuna Muungano wetu, nao umekwisha kumwangusha Rais wa Zanzibar na kumtikisa Waziri Mkuu wa Jamhuri nzima. Tofauti ni kwamba ugomvi wa Waingereza tuliusikia neno kwa neno, na kura zao zikahesabiwa masikioni mwetu. Wa kwetu tuliuletewa ukiwa umekwisha.

Nchi ilikuwa tangu mwaka 1983 katika mjadala wa mabadiliko ya Katiba, na huku Visiwani mjadala huo ulikuwa wa moto. Mwisho wa Januari 1984 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Dodoma. Alhaj Aboud Jumbe aliingia katika kikao kile akiwa Rais wa Zanzibar, Makamu wa Rais wa Muungano na Makamu Mwenyekiti wa Chama. Kikao kilipomalizika hakuwa na hata kimoja katika vyeo hivyo. Kosa lake, kama lilivyoelezwa, lilikuwa ni kutayarisha hoja ya serikali tatu ili aipeleke mbele ya Mahakama Maalum ya Katiba. Mzee Ali Hassan Mwinyi akashika nafasi yake Zanzibar. Kilichotufikia sisi walimu wa skuli, na wazazi wa watoto tuliokuwa tukiwasomesha, kilikuwa ni ibara moja tu: hali ya hewa ya kisiasa imechafuka.

Nimeifikiria sana ibara hiyo. Mvuvi wa hapa akikwambia hali ya hewa imechafuka, hamlaumu mtu. Upepo umekuja, ngalawa zimepandishwa pwani, basi. Katika sarufi tunaiita kauli ya kutendeka: kitu kimechafuka, na aliyekichafua hatajwi. Sijui kama aliyeibuni ibara ile alikuwa mwanasarufi, lakini kazi aliifanya vizuri.

Ilichukua miaka kumi mpaka wakatokea watu wawili kuwataja watendaji kwa majina. Mmoja ni Mwalimu Nyerere, katika kitabu chake kidogo Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kilichopigwa chapa Harare. Wa pili ni Mzee Jumbe mwenyewe, katika The Partner-ship, kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 1994, Muungano ulipotimiza miaka 30. Wote wawili walipita Makerere na wote wawili walikuwa walimu kabla ya kuwa wanasiasa. Nimevisoma vitabu hivi mara kadhaa, kwa kupishana, na naona havisomeki vizuri kimoja bila ya kingine.

Nianze na cha Mwalimu. Hakikuandikwa juu ya 1984, bali juu ya 1993. Serikali ya Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, jambo ambalo kwa Katiba ni la Muungano, na ikabidi ijitoe Agosti 1993. Mwezi huohuo Bunge likaikubali hoja ya wabunge 55, waliojulikana kama G55, ya kutaka iundwe serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Serikali, ambayo mwanzo iliipinga hoja hiyo, ikageuka ikaikumbatia. Mwalimu hakuwa tena na cheo chochote. Urais aliuacha 1985 na uenyekiti wa Chama 1990. Akakamata kalamu, akawataja Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM Horace Kolimba kuwa ndio waliompotosha Rais na kumwacha peke yake.

Kwa mwalimu wa lugha kitabu hiki ni raha. Sentensi zake ni fupi. Huiweka hoja ya mpinzani kwanza, tena kwa uadilifu, ndipo aanze kuiuliza maswali, moja moja, mpaka hoja yenyewe inakaa chini. Anaeleza kwa nini mwaka 1964 zilichaguliwa serikali mbili: serikali moja ingeonekana kama Tanganyika imeimeza Zanzibar, na serikali tatu zingekuwa mzigo kwa nchi maskini. Sikubaliani na yote, lakini hakuna mahali ambapo sikumfahamu. Wanafunzi wa ualimu wangefaa kukisoma kwa ajili ya hilo peke yake, hata kama siasa hawaitaki.

Nguvu ya shauri lake, hata hivyo, haiko katika hesabu ya gharama. Iko katika utaratibu. Serikali mbili, anasema, ilikuwa ndiyo sera ya Chama, na viongozi wameibadili bila ya kuwauliza wanachama. Kiongozi asiyeamini sera ya chama chake aende kwa wanachama awashawishi, au ajiuzulu. Hiki ni kipimo kizuri. Ningependa msomaji akichukue kipimo hikihiki akipeleke Dodoma ya Januari 1984. Rais wa nchi anataka kwenda mahakamani, mahakama iliyotajwa katika Katiba, kuuliza Hati za Muungano zina maana gani. Je, anayekwenda kuuliza mahakamani hadharani ndiye mvunja utaratibu, au ni wale wanaomvua vyeo kikaoni kabla hajafika huko? Mtu anaweza kujibu kwamba alikuwa akiitayarisha hoja yake kwa siri, hakukishirikisha Chama. Jibu hilo lina uzito. Lakini lazima litolewe, na kwa wananchi halikutolewa. Tulipewa habari za hali ya hewa.

Kuna jingine linalonitia mashaka katika kitabu cha Mwalimu, nalo si kosa la mwandishi. Mwanachama wa kawaida wa tawi la Kizimkazi angeandika maneno yaleyale, kwa ushahidi uleule, yangeishia mezani kwa katibu wa tawi. Mwalimu aliweza kuingia kwa Rais, akakaa, akasikilizwa. Kitabu kimejaa mazungumzo ya namna hiyo. Agosti 1994 Bunge likaurudisha nyuma uamuzi wake, na Disemba mwaka huo Malecela hakuwa tena Waziri Mkuu, nafasi ikaenda kwa Cleopa Msuya. Kwa hiyo kitabu kinachodai wanachama waulizwe ni ushahidi pia kwamba sauti ya mtu mmoja asiye na cheo ilitosha kuigeuza nchi. Wanachama wa CCM waliulizwa, ni kweli, matawini, na wengi wakashikilia serikali mbili. Waliulizwa wenye kadi. Hapo 1994 nchi ilikuwa na vyama vingi tangu miaka miwili nyuma.

Cha Mzee Jumbe ni kitabu cha namna nyingine kabisa. Kinakwenda polepole, kwa vifungu, kama mtu anayesoma hati ya shamba la urithi mbele ya ndugu wasioaminiana. Shauri lake ni kwamba Hati za Muungano, zilizotiwa saini na Karume na Nyerere tarehe 22 Aprili 1964, zilikusudia serikali ya Muungano kwa mambo yaliyotajwa tu, na kwamba Tanganyika haikupaswa kuyeyuka ndani yake. Mambo yaliyotajwa mwanzo yalikuwa 11. Leo katika Nyongeza ya Katiba yako 22. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa malalamiko ya Visiwani, na Mzee Jumbe anaipanga kwa subira ambayo wengi wa waliomfuata hawanayo. Anapoingia katika masuala ya dini na mgawanyo wa madaraka naona kamba inalegea. Hayo yalitaka kitabu chao peke yao.

Lakini swali ningalimuuliza na yeye. Tarehe 5 Februari 1977 ASP na TANU zilivunjwa, ikazaliwa CCM. Aliyeiongoza ASP kuingia humo alikuwa ni Mzee Jumbe. Kabla ya siku ile hapakuwa na kikao chochote Bara chenye uwezo wa kumwondoa Rais wa Zanzibar. Baada yake kikapatikana, na miaka saba baadaye kikamwondoa yeye. Wazanzibari hawakuulizwa juu ya kuvunjwa kwa ASP, kama ambavyo hawakumpigia kura Rais wao hadi 1980. Mtu aliyekubali nyumba ijengwe bila madirisha ana haki ya kulalamika kiza, lakini aeleze pia siku ya ujenzi alisemaje.

Na wembe huo haukuishia kwake. Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa miongoni mwa waliombana Mzee Jumbe Dodoma, na Februari 1984 akawa Waziri Kiongozi. Januari 1988 akaondolewa katika cheo, na Mei mwaka huo yeye na wenzake sita wakafukuzwa kutoka CCM. Naye alikuwa mwalimu. Tena tukaletewa habari zikiwa zimepikwa.

Hapa ndipo kicheko cha barazani kinapokosa mashiko. Wale wabunge 21 wa Johnson waliendelea kukaa katika viti vyao, wakasema walichotaka kusema mpaka uchaguzi wa Disemba 2019. Wengine walirudishwa chamani hata kabla ya hapo. Kwetu mbunge akivuliwa uanachama na ubunge umekwenda, na mgombea binafsi haruhusiwi. Hao walioasisi CUF kwa kukimbia kisu cha Chama walikuja kukatwa na kisu kilekile ndani ya CUF: Julai 2017, katika mvutano wa Profesa Lipumba na Maalim Seif, wabunge wanane wa viti maalum walivuliwa uanachama na upande wa Profesa, viti vikawaponyoka. Machi 2019 Mahakama Kuu ilipompa ushindi Profesa Lipumba, Maalim na watu wake wakashusha tanga CUF na kulipandisha ACT-Wazalendo siku ileile. Wiki hizohizo Bunge la London lilikuwa likiukataa mkataba wa May kwa mara ya pili na ya tatu.

Sisemi kura ya maoni inatibu. Waingereza waliulizwa, na baada ya kuulizwa wakagombana zaidi. Ila hakuna kule anayeweza kusema hakuulizwa. Sisi Zanzibar tuliulizwa mara moja, tarehe 31 Julai 2010, juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakakubali, na uchaguzi uliofuata ulipita kwa utulivu ambao watoto wetu hawakuwahi kuuona. Juu ya Muungano wenyewe hatujaulizwa. Tume ya Jaji Warioba ilikusanya maoni, ikapendekeza serikali tatu mwaka 2013. Bunge Maalum la 2014, ambalo Makamu Mwenyekiti wake alikuwa binti wa hapa Kizimkazi, Samia Suluhu Hassan, aliyekuja kuapishwa kuwa Rais Machi 2021, likarudi kwenye mbili, baada ya wapinzani wa UKAWA kutoka nje. Kura ya maoni ikapangiwa tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa, na mpaka ninapoandika haya haijapigwa.

Limebaki jambo la lugha, nalo ndilo linaloniuma zaidi katika vitabu hivi. Mwalimu, Mzanaki, aliyejifunza Kiswahili skuli, aliandika kwa Kiswahili, ili kila mwenye kadi asome. Mzee Jumbe, kiongozi wa watu ambao Kiswahili ndiyo lugha waliyozaliwa nayo, aliandika kwa Kiingereza. Pengine alitaka mawakili na mabalozi wamsikie. Matokeo yake ni kwamba shauri la Zanzibar, katika maandishi yake yaliyopangwa vizuri kuliko yote, halikuwafikia Wazanzibari wengi. Walilipata kwa kusimuliwa, na usimulizi huongeza chumvi. Mzee alifariki tarehe 14 Agosti 2016, wiki chache baada ya ile kura ya Waingereza.

Anayetaka kuvisoma aanze na cha Mwalimu, kwa kuwa ni kifupi na hakihitaji kamusi. Kisha atafute kijana aliyesoma amfasirie cha Mzee Jumbe kwa sauti, hasa sehemu za Dodoma, na wasikilizaji wawe zaidi ya wawili.