Umuntu na Mtu: Fikra za Alexis Kagame Mbele ya Ngeli za Kiswahili

Padri Alexis Kagame (1912–1981), katika kitabu chake La philosophie bantu-rwandaise de l'être cha mwaka 1956, aligawa vyote vilivyopo katika mafungu manne ya Kinyarwanda: umuntu, mwenye akili, ikintu, kisicho na akili, wanyama wakiwamo, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna. Kwake yeye, shina -ntu limehifadhi falsafa ya wahenga.

Twamheshimu kwa kutuonyesha hazina ya fikra iliyomo katika lugha zetu. Lakini natutazame Gisenyi, wilayani Rubavu, ambako Kinyarwanda na Kiswahili hukutana kila siku mpakani na Goma. Mfugaji husema inka iraryamye. Mwanawe, kwa Kiswahili sanifu cha darasani, huandika ng'ombe amelala, na mnyama akapewa kiambishi cha mtu. Je, ng'ombe amepata akili kwa kuingia darasani? La hasha! Tena Kiswahili kimepokea mahali, wakati na nafsi kutoka Kiarabu, na mtu amebaki mtu.

Basi sarufi ni chombo cha fikra, si gereza lake. Walimu tumsomeshe Kagame. Ila tusimwambie mwanafunzi wa Gisenyi kwamba nafsi yake imekwisha kuamuliwa na ngeli.