Nyuki wa Liti na Mizani ya Wataalamu

Sosholojia, yaani elimu ya jamii, ilizaliwa Ulaya na utabiri kinywani: kadiri akili inavyokua, dini itanyauka. Auguste Comte, Mfaransa aliyeipa elimu hiyo jina, aliitabiria teolojia mwisho wake. Kisha mwenyewe akaasisi Dini ya Utu, yenye mapadri na kalenda yake. Émile Durkheim, mtoto wa rabi, alipoandika juu ya dini mwaka 1912, alikuta kwamba jamii haijitambui pasi na kitu inachokitukuza. Kumbe aliyetolewa nje ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Utabiri huo umeacha alama zake hata Singida. Mwaka 1970 Harold Schneider, Mmarekani aliyeishi na Wanyaturu mwishoni mwa miaka ya 1950, alichapisha *The Wahi Wanyaturu*. Kwa miaka mingi, tangu maandishi ya Melville Herskovits ya 1926, wafugaji wa Afrika Mashariki walidhaniwa kuwapenda ng'ombe mapenzi yasiyo hesabu. Schneider aliwavua dharau hiyo. Alionyesha kuwa ng'ombe ni mali na ni fedha, kwamba nafaka hugeuzwa mifugo, na kwamba mwenye zizi aijua faida yake. Utetezi huo ni wa haki, na kwa hilo anastahili shukrani. Ila mtetezi alimvika mteja wake vazi moja tu, la mfanyabiashara. Ng'ombe wa mahari na ng'ombe wa tambiko wote hupimwa kwa mizani ya soko.

Mizani hiyo yaelemewa na kisa cha Liti. Huyu ni mwanamke aliyewaongoza Wanyaturu kuupinga utawala wa Wajerumani mwaka 1908, na wenyeji husimulia kuwa silaha yake ilikuwa nyuki. Marguerite Jellicoe aliuandikia makala upinzani huo mwaka 1969, kabla ya kitabu chake *The Long Path* cha 1978. Mtaalamu wa hesabu atauliza mizinga ilikuwa mingapi. Mwenziwe atatamka neno "uchawi", aufunge mjadala. Wote wawili hawatakuwa wamesikia kwa nini watu walisimama nyuma ya mwanamke huyo mbele ya bunduki.

Mwaka ule ule wa 1970, Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, aliwashutumu wataalamu kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani. Onyo hilo lakata kuwili: lamgusa anayeing'oa imani ili hesabu itimie, na lamgusa anayeichomeka ya kwake.

Watu wa pwani husema "dini na dunia" kwa pumzi moja, wakijua kuwa ni mambo mawili. Hadhari hiyo ndiyo iliyokosekana katika kazi ya Schneider. Kitabu chake kisomwe, tena kwa heshima. Lakini kisomwe sambamba na masimulizi ya nyuki, kisiwe badala yake.