Kovu la Ini na Hesabu ya Fraktali

Mtafiti anayetaka kujua kama antioksidanti fulani imelinda ini la panya huanza na damu. Panya hupewa kaboni tetrakloridi, sumu ambayo ini lenyewe, kupitia kimeng'enya cha CYP2E1, huigeuza kuwa radikali huru zinazoshambulia mafuta ya utando wa seli. Seli zikiharibika, vimeng'enya vya ALT na AST huvujia kwenye damu. Kundi lililopewa, tuseme, silimarini likiwa na viwango vya chini, huandikwa kwamba limelindwa. Hukumu hiyo ina haraka. ALT huonyesha uharibifu unaoendelea sasa, haionyeshi wiki nyingi za sumu zimeliacha ini na muundo gani. Ini lililojaa kovu laweza kabisa kuwa na ALT ya kawaida.

Muundo huo ndio unaopimwa na hesabu ya fraktali, yaani maumbo ambayo mikunjo yake huendelea kujitokeza kila yanapokuzwa. Mwaka 1967 mwanahisabati Benoit Mandelbrot alieleza katika jarida la Science kwamba urefu wa pwani ya Uingereza hutegemea urefu wa rula: rula ikifupishwa, pwani huongezeka. Kwenye ini, kipande chembamba hutiwa rangi inayoshika kolajeni, hupigwa picha kwa hadubini, kisha programu huitandazia gridi na kuhesabu miraba inayoguswa na kovu. Miraba hupunguzwa, hesabu hurudiwa, na logi za idadi huchorwa dhidi ya logi za kinyume cha upana wa mraba. Mwinamo wa mstari ndio kipimo: nyuzi chache huwa karibu na 1, mtandao unaojaza nafasi huelekea 2. Kwa nini tusipime tu eneo la kolajeni? Kwa sababu eneo lile lile laweza kuwa bonge moja kando ya mshipa, au kuta nyembamba zinazounganisha mishipa na kuvuruga njia za damu. Madhara yake hayalingani hata kidogo.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba tishu si fraktali halisi, na wana hoja: mwaka 1998 mkemia David Avnir na wenzake walionyesha kuwa fraktali nyingi zilizoripotiwa zilienea kwenye masafa finyu ya vipimo, takriban mara ishirini tu. Lakini hapa tunalinganisha makundi, na ulinganisho hukubalika mradi rangi, ukuzaji na kizingiti cha kutenga kovu visibadilishwe, kwani kizingiti kikiguswa namba husogea. Pingamizi ninaloliona zito ni jingine. Dawa inayozuia CYP2E1 huzuia sumu isiamke. Ini litabaki zuri, kipimo kitakuwa cha chini, bila radikali hata moja kuzimwa. Fraktali haiwezi kutofautisha kuzuia sumu isiamke na kuzima radikali. Kwa hiyo ini hilo hilo lipimwe malondialdehidi, alama ya mafuta yaliyoshambuliwa na radikali, na glutathioni, antioksidanti ya seli zenyewe, na kuwe na kundi linaloanza kupewa dawa baada ya sumu kwisha kugeuzwa.