Jani na Tope Lake: Uhakiki wa Upigaji Picha za Majani katika Delta ya Rufiji na Kibiti

Upigaji picha za majani yanayopukutika umestawi zaidi katika nchi zenye majira manne. Mfano mashuhuri ni kitabu cha Eliot Porter kilichochapishwa Marekani mwaka 1962, ambamo rangi ya jani hubeba maana ya kupita kwa wakati. Uhakiki huu unachunguza iwapo kigezo hicho kinafaa kupimia picha za delta ya Rufiji na Kibiti.

Tatizo linaanzia katika lugha. Baadhi ya tafsiri huyaita majira hayo ya kupukutika "vuli". Kwa mkulima wa Kibiti, vuli ni mvua za kati ya Oktoba na Desemba, yaani wakati wa kupanda. Miti ya miombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua hizo. Hivyo, wekundu ambao mtazamaji wa Porter angeusoma kuwa ni uzee, hapa ni uchanga. Mikoko nayo haipukutiki kwa mkupuo: jani moja moja hugeuka manjano na kuanguka mwaka mzima.

Suala la pili ni fremu. Mpiga picha akiliokota jani hilo na kuliweka juu ya usuli mtupu, hupata umbo safi lakini hupoteza kisa chake. Majani yaangukayo topeni, mengine huvutwa na kaa hadi mashimoni yakawa chakula, na mengine huchukuliwa na maji yanapokupwa. Picha inayobakiza tope, shimo la kaa au ukingo wa maji huonesha wakati ukipita bila kutegemea rangi pekee.

Inaweza kudaiwa kwamba sanaa haiwajibiki kufundisha ikolojia. Dai hilo lina uzito. Hata hivyo, katika delta hii jani limewahi kutumika kuficha: mabaharia wa manowari ya Kijerumani Königsberg waliivika matawi ili isionekane, Waingereza wakaisaka kwa ndege, na mwaka 1915 ikaangamia humo humo. Leo pia, manjano yanaweza kujaza fremu huku visiki vya mikoko iliyokatwa kupisha mashamba ya mpunga vikiachwa nje.

Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba picha ya jani la delta ipimwe kwanza kwa kile ilichokiacha nje ya fremu, ndipo rangi yake ijadiliwe.